Kabla ya kuuliza bei ya skana ya panya

Sisi tulioko kwenye maabara za Ujerumani huulizwa na watafiti wa nyumbani, Afrika Mashariki, swali lilelile: skana ya PET ya wanyama wadogo, yaani mashine inayopiga picha ya dawa yenye mionzi ikiwa mwilini, ni bei gani? Ningependa tuulizane kwanza habari za mkia wa panya, maana picha nyingi huharibikia hapo kabla mashine haijawashwa.

Panya wa gramu 25 hudungwa FDG, ile sukari iliyobebeshwa florini-18 yenye mionzi, kiasi cha MBq (megabekereli, kipimo cha mionzi) 5 hadi 10 ndani ya mililita 0.1, na isizidi 0.2, kwenye mshipa wa ubavuni mwa mkia. Mkia usipopashwa joto kwanza, mshipa husinyaa, sindano huukosa, dawa hubaki kwenye nyama ya mkia. Pichani mkia unawaka, uvimbe wa saratani unafifia, na asiyejua anaandika kwamba tiba imefaulu. Kwa hiyo mkia uonekane kwenye picha, mionzi yake ihesabiwe, na panya aliyevujiwa sana atolewe kwenye matokeo. Bomba la sindano nalo lipimwe kabla na baada, kwa sababu kinachosalia ndani yake si kidogo.

Joto ni jambo ambalo nyumbani tuna bahati nalo bila kujua. Vyumba vya wanyama huku huwa nyuzi 20 hadi 24. Binadamu anaridhika, lakini panya anasikia baridi. Kinachomfaa ni karibu nyuzi 30. Akisikia baridi, mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega huila FDG ili yampashe mwili, na pichani unaona doa kali lisilohusiana na ugonjwa. Ndiyo maana tunampasha kwa mkeka wa umeme nusu saa kabla ya sindano, na hatumwachi apoe mpaka atoke kwenye skana, yaani dakika 60 za kusubiri na 10 hadi 20 za kupigwa picha. Mombasa na Dar joto hilo lipo bure miezi mingi, kisha tunalifukuza kwa kiyoyozi! Nairobi ya Julai ni habari nyingine: mkeka ni lazima, na umeme ukikatika katikati ya kusubiri, kazi ya siku imepotea.

Afunge chakula kwa muda wa saa 4 hadi 6, maji aachiwe. Alazwe kwa isoflureni, gesi ya usingizi, asilimia 3 hadi 4, kisha ishushwe mpaka 1.5 au 2. Ketamini na zailazini, dawa za usingizi za sindano, ni rahisi kupatikana, lakini hupandisha sukari ya damu, na sukari hiyo hushindana na FDG kuingia kwenye seli.

Wengi hudhani kikwazo chetu kikubwa ni foleni ya magari, kwa kuwa florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, na huku saikrotroni, mashine inayotengeneza florini-18, mara nyingi iko jengo lilelile. Nairobi ina saikrotroni, katika hospitali ya Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Piga hesabu: dawa ikitoka na MBq 500 kwa mililita, baada ya dakika 220 inabaki na 125. Bado mililita 0.1 inamtosha panya, tena inazidi. Cha kuulizia hospitalini ni mkolezo wa dawa, kwa sababu dawa nyingi iliyo nyepesi haitaingia kwenye mshipa ule mdogo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: nyumbani tuanze na kaunta ya gama, kifaa kinachohesabu mionzi iliyo ndani ya sampuli. Panya anachinjwa kwa utaratibu wa kibinadamu, viungo vinapimwa uzito, kila kimoja kinahesabiwa. Tutakosa faida kuu ya PET, kumfuatilia mnyama yuleyule wiki baada ya wiki, lakini mikono itajifunza. Skana ya hospitali haitatuokoa: ubainifu wake ni kama milimita 4 hadi 6, na uvimbe wa panya mara nyingi ni mdogo kuliko hapo. Skana ya wanyama wadogo hufikia milimita 1 hadi 1.5.

Na saa zote ziwe moja, ya kipima-dozi (kifaa kinachopima mionzi ya dawa kwenye bomba la sindano), ya kaunta na ya ukutani. Zikipishana dakika 11 tu, kila tarakimu utakayoandika imekosea karibu asilimia 7.