"Kichaa" si jibu

Juzi nimesoma muhtasari wa hadithi fupi za kigothi, yaani za kutisha, ulioandikiwa wanafunzi. Kuhusu The Yellow Wallpaper ya Charlotte Perkins Gilman, ambamo mwanamke aliyewekwa chumbani apumzike anaandika kwa siri na kuona mwanamke amefungiwa nyuma ya karatasi ya njano ya ukutani, hali ya akili ya msimulizi huyo imemalizwa kwa neno moja: kichaa. Nimekasirika, na hasira haijanitoka.

John, mume wa huyo mwanamke na daktari wake, naye alimpachika jina la ugonjwa kisha akaacha kumsikiliza. Gilman aliyajua hayo mwilini mwake. Mwaka 1887 daktari Silas Weir Mitchell alimlaza, akamwagiza asishike tena kalamu maisha yake yote. Hadithi ilichapishwa mwaka 1892.

Wanafunzi wafundishwe kufuata madoa. Jennie, wifi yake, analalamika kwamba nguo za mwanamke huyu na za John zina madoa ya njano. Msimulizi anaisimulia kauli hiyo, anaipita. Baadaye anatuambia ukutani, chini karibu na sakafu, kuna mchirizi unaozunguka chumba kizima, naye anashangaa nani aliuweka. Kisha, mwishoni, anatambaa na bega lake linaingia sawasawa kwenye mchirizi ule! Ukiyaweka pamoja unagundua kwamba huenda alianza kutambaa zamani, kabla hajatuambia. Je, alikuwa akituficha? Mimi naamini hakujua. Ameishi akificha daftari kila asikiapo hatua za mume, mpaka mazoea ya kuficha yakamfikia yeye mwenyewe. Hofu ya hadithi iko hapo, wala haiko kwenye karatasi ya ukutani.

Kwa mwandishi Edgar Allan Poe pia ni hivyo: muuaji anayesimulia The Tell-Tale Heart (1843) anang'ang'ania kwamba ana akili timamu, na kung'ang'ania huko ndiko kunakomuumbua.

Haya, nakubali kwamba mwishoni akili imemruka msimulizi wa Gilman; anatambaa juu ya mume aliyezimia. Lakini kurasa za mwanzo anauliza tena na tena mtu afanye nini ikiwa mumewe ni daktari na hamwamini. Hilo ni swali la mtu mwenye akili zake.

Na dakika ya mwisho, akijiona ndiye yule mwanamke wa kwenye karatasi, anamwambia John kwamba ametoka, John na Jane wapende wasipende. Jane hajatajwa popote kabla. Nakubaliana na wanaosema ni jina lake mwenyewe: aliyetoka anamtaja aliyekuwa yeye kana kwamba ni mtu baki.