Figo zikigoma baada ya operesheni ya moyo, msikimbilie kusema "walimshusha presha"

Kuna sentensi nimeichoka jamani. Mtu katoka Mbeya, au Njombe, au Makambako huko, kapelekwa Dar kufanyiwa operesheni ya moyo, moyo wenyewe umetengenezwa vizuri tu, alafu siku ya pili ya tatu mkojo unakuwa kiduchu, kreatinini (uchafu wa kwenye damu ambao figo ndo zinautoa) inapanda, anawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kabla hata hajatoka ICU ukoo mzima huku juu umeshapata jibu: "walimshusha presha mle ndani ndo figo zikafa". Msibani utaisikia, kwenye basi utaisikia, magrupu ya WhatsApp ya familia ndo usiseme. Mi ni nesi, nipo kliniki ya presha na kisukari huku nyanda za juu, kwa hiyo hii stori huwa inanifikia ikiwa imeshaiva, imeshapata na mkosaji.

Sisemi ni uongo. Nasema ni nusu, na ile nusu nyingine haipendwi kwa sababu inatugusa sisi wenyewe.

Tuanze na nusu ya kweli. Figo zina ukubwa wa ngumi tu lakini zinakula damu balaa, moyo ukisukuma kama lita 5 kwa dakika, lita moja na ushee inapita kwenye figo. Kwa siku zinachuja karibu lita 180 na karibu zote zinarudishwa mwilini, wewe unaona lita moja na nusu ya mkojo hivi. Sasa kuchuja kote huko kunataka msukumo. Mnaokaa mitaa ya juu kwenye mteremko wa Loleza mnaelewa, pampu ikilegea kidogo tu mtu wa chini anaendelea kufua na wewe wa juu bomba linakoroma. Na ndani ya figo kuna sehemu ya katikati ambayo hata siku ya kawaida oksijeni yake ni ya kuungaunga, hiyo ndo inaumia ya kwanza.

Sasa operesheni nyingi za moyo, za kubadilisha valvu, yaani vile vilango vya moyo, au kupandikiza mishipa, zinafanyika moyo ukiwa umesimamishwa na kazi yake inafanywa na mashine ya moyo na mapafu. Hii kitu sio ya jana, daktari wa Marekani John Gibbon aliitumia kwa mafanikio Philadelphia Mei 1953. Damu inatolewa nje kwa mipira mikubwa, inapewa oksijeni, inarudishwa. Mipira inajazwa kwanza maji ya dripu, mara nyingi zaidi ya lita moja, kwa hiyo damu ya mgonjwa inakuwa nyepesi. Mwili mara nyingi unapozwa. Na kwa kawaida damu inatembea mfululizo bila mapigo, ndo maana kwenye skrini yale mawimbi ya presha yanalala, inabaki namba moja tu.

Hapo kwenye namba moja ndo mgogoro wa familia nyingi unapoanzia. Unakuta kijana kaongea na mtu wa ndani, kaambiwa "presha tuliishikilia kwenye 60", anapiga simu Tukuyu kwa mama mkubwa anasema baba presha ilishuka mpaka 60! Kule wanaanza kulia. Lakini ile 60 sio namba ya juu. Ni wastani. Ukitaka kuupata chukua namba ya chini, ongeza theluthi moja ya tofauti kati ya juu na chini: mwenye 120 kwa 80 wastani wake ni kama 93, mwenye 160 kwa 100 wastani wake ni 120. Wakati wa mashine, wastani huwa unawekwa kati ya 50 na 80 hivi, makusudi, na wataalamu wawili wameukodolea macho muda wote, daktari wa usingizi na yule anayeendesha mashine. Kwa hiyo kusikia 60 peke yake sio ushahidi wa uzembe.

Ila, na hii ila ni kubwa, 60 ya nani?

Figo za mtu wa kawaida zina ujanja, presha ikishuka mishipa yake inajirekebisha damu iendelee kupita vilevile. Ujanja huo una kikomo, chini ya hapo figo zinaanza kufa njaa. Sasa chukua mzee ambaye miaka kumi anatembea na 180 kwa 110 bila dawa, wastani wake ni kama 133, mishipa imeshakuwa minene na migumu, kikomo chake kimepanda juu. Yeye ukimshusha mpaka 60 sio sawa na kumshusha binti wa miaka 25 ambaye anaishi na wastani wa 80. Namba ni ileile, mwili mwingine.

Unaweza kusema basi si wangepandisha presha kwa kila mtu yaishe maneno? Imejaribiwa. Wafaransa walichukua wagonjwa 300 ambao figo zao zilikuwa kwenye hatari, nusu wakashikiliwa kwenye 75 mpaka 85 wakati wa mashine, nusu kwenye 50 mpaka 60, matokeo yakachapishwa 2014, na kuumia kwa figo hakukutofautiana. Mi mara ya kwanza kuisoma nilishangaa kidogo, maana kichwani nilikuwa na picha rahisi kwamba presha juu figo salama. Kumbe kupandisha namba kwa dawa za kubana mishipa sio lazima damu ifike figo, unaweza kupata namba nzuri kwenye skrini na mishipa ya figo yenyewe imebanwa.

Na presha haiko peke yake mle ndani. Muda wa kukaa kwenye mashine ukirefuka hatari inapanda. Chembe nyekundu zinapondwapondwa zinapozungushwa, uchafu wake unaenda kuziba na kuunguza vijifereji vya figo. Damu ikiwa nyepesi sana inabeba oksijeni kidogo hata kama presha inaonekana safi. Alafu kuna ile presha ya upande wa mishipa inayorudisha damu, hii huku kwetu naona inasahaulika kabisa. Vijana wengi wanaopelekwa kutoka huku ni wa valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayoanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, na wanachelewa mpaka miguu imevimba na tumbo limejaa maji. Huyo damu imeshagoma kutoka kwenye figo, inasukumwa kwa mbele na inazuiliwa kwa nyuma. Figo zake zinapanda basi la Dar zikiwa zimeshachoka. Ndo maana duniani kote, hata kwenye hospitali kubwa kabisa, figo kuumia baada ya operesheni ya moyo ni jambo la kawaida. Utafiti mmoja mkubwa uliotoka 2024, wagonjwa zaidi ya 3,500, waliopewa dripu ya amino asidi (vile vipande vinavyojenga protini) kulinda figo, figo ziliumia kwa asilimia 26.9 na wasiopewa asilimia 31.7. Yaani hata waliosaidiwa ni zaidi ya mmoja kati ya wanne. Wengi wa hao ni kuumia kidogo na figo zinarudi, wanaofikia kusafishwa damu ni wachache, na hata hao wapo wanaoacha mashine baada ya muda.

Sasa nusu yetu.

Mwezi wa saba huku, mnajua baridi yake. Mzee anaingia kapanda kilima kwa miguu, shati, sweta, sweta lingine, koti. Namwambia shikamoo baba, tupumzike kidogo alafu tutoe koti nipime. "Aa nesi mwanangu, pima juu kwa juu, baridi hii utaniua." Na ukiwa mvivu unapima juu ya sweta, namba inayotoka haina maana yoyote lakini inaandikwa. Akikubali kuvua nasubiri dakika tano, nafunga mkanda mkono mtupu, inasoma 178 kwa 104. Nauliza daftari liko wapi? Lilichakaa. Jingine? Liko Chunya kwa mtoto. Dawa? Alimeza mpaka "ikapona". Huyu ndo mtu ambaye siku akipelekwa kwenye moyo, daktari wa usingizi ataulizia presha yake ya siku zote ni ngapi na hakuna atakayejibu, atapimwa wodini akiwa na hofu ya kesho kupasuliwa, na namba hiyo ya hofu ndo itaonekana kama ya kawaida yake, au atakuwa amepewa dawa kali siku chache isome vizuri, waamini ni mtu wa 130. Mi kwa maoni yangu kurasa mbili za daftari zenye vipimo vya miezi sita, vilivyopimwa vizuri, ni msaada mkubwa kwa figo za huyo mzee kuliko maombi ya ukoo mzima, na maombi naendelea nayo sawa sawa.

Kreatinini nayo. Watu wanaijua kwa mara ya kwanza baada ya operesheni, ndo wanaona imepanda, wanasema imeharibiwa huko. Ilikuwa ngapi kabla? Kimya. Na kawaida inapanda kwa kuchelewa, siku moja mbili baada ya figo kuumia, kwa hiyo hata kusema iliharibika saa ngapi ni ngumu.

Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu inayobebesha figo mzigo! Basi la Mbeya Dar ni kilomita mia nane na kitu, magoti yanauma, mtu anameza moja Mafinga, nyingine Morogoro, anafika kalazwa, anapigwa picha ya mishipa ya moyo yenye dawa ya rangi ambayo nayo ni mzigo kwa figo, na akiulizwa unatumia dawa gani anajibu situmii. Kwake zile sio dawa, ni za maumivu tu. Mizizi ya kuchemsha ndo haitajwi kabisa.

Lakini na wenzangu wa hospitali tuna letu. Familia inabuni stori kwa sababu hakuna aliyekaa nao chini. Kabla ya operesheni wanasainishwa fomu, figo imetajwa kwenye mstari mmoja uliosomwa haraka, mambo yakiharibika wanaambiwa "ni matatizo yanayotokea". Huyo mtu ana haki ya kuelezwa presha iliwekwa ngapi na kwa nini, mashine ilitembea muda gani, mkojo ulikuwa kiasi gani kila saa. Vyote vimeandikwa. Na kama kweli kuna mahali presha iliachwa chini kupita kiasi isemwe, sio nyie mfiche na wao wakisie.

Kuna dada wa Mafinga aliniuliza kama baba yake aache dawa za presha kabla ya kwenda, kisa kasikia zitamshusha kupita kiasi mezani. Asiache kwa kujiamulia. Losartani na enalaprili hospitali nyingi wanazisimamisha siku moja kabla, atenololi na ndugu zake kwa kawaida zinaendelea mpaka asubuhi ya operesheni, kwa hiyo abebe maboksi yote kama yalivyo, na daftari, ayaweke mezani kwa daktari wa usingizi, waseme wao ipi inabaki.