Sheria ya benchi ya NBA inastahili kutetewa

Katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, yeyote anayeacha benchi wakati wa ugomvi hufungiwa angalau mechi moja. Mashabiki wa Phoenix Suns wana kila sababu ya kuikumbuka Mei 2007. Timu yao ilikuwa inamalizia ushindi wa mechi ya nne ya mfululizo wa mchujo ugenini kwa San Antonio Spurs na kusawazisha mambo 2-2. Zikiwa zimebaki sekunde 18, Robert Horry wa Spurs alimkumba Steve Nash kwa nyonga hadi akajibamiza kwenye meza ya watunza pointi. Amar'e Stoudemire na Boris Diaw wakaruka kutoka benchi, wakapiga hatua chache, makocha wasaidizi wakawarudisha. Hawakumgusa mtu. Wote wawili wakafungiwa mechi ya tano, Suns wakafungwa 88-85 nyumbani, mwishowe wakatolewa, na Spurs wakachukua ubingwa.

Horry alifungiwa mechi mbili, lakini yeye alikuwa wa akiba. Stoudemire ndiye aliyekuwa akiongoza Suns kwa pointi. Mchokozi aliinufaisha timu yake. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoilalamikia sheria hii hawalalamiki bure.

Ila katika malalamiko hayo jina la Rudy Tomjanovich halitajwi, na mimi siwezi kuifikiria sheria hii bila yeye. Tarehe 9 Desemba 1977, Kermit Washington wa Lakers alikuwa akigombana na Kevin Kunnert wa Houston Rockets. Tomjanovich, nahodha wa Rockets, akaja mbio kuamua. Washington aliona kwa pembe ya jicho mtu anamjia, akageuka na ngumi. Tomjanovich alianguka chali, kisogo kikagonga sakafu. Alipozinduka alidhani ubao wa matokeo umemdondokea. Mifupa ya uso ilikuwa imevunjika, na uchungu aliouhisi mdomoni ulikuwa majimaji ya ubongo yakivuja. Alikuwa na miaka 29, na alikuwa amekwenda kusuluhisha.

Kweli, Tomjanovich alikuwa uwanjani akicheza, hivyo sheria ya benchi isingemzuia. Lakini alichotufundisha ni kwamba anayepigana hana muda wa kusoma nia ya anayemkimbilia. Wanaume wa mita mbili na kilo mia wakiongezeka kwenye rabsha, kila mmoja ni tishio kwa wenzake, hata aliyekuja kwa amani. Waamuzi ni watatu tu. Kule Auburn Hills, Novemba 2004, mambo yalianza kwa faulo ya Ron Artest wa Indiana Pacers kwa Ben Wallace wa Detroit Pistons, zikiwa zimebaki sekunde 45.9 na mshindi anajulikana. Yaliishia jukwaani, watu wakitwangana na mashabiki, na wachezaji tisa wakafungiwa jumla ya mechi 146. Kesi ya Stoudemire ilifika mezani kwa ligi haijatimia hata miaka mitatu tangu usiku ule.

Wanaotaka ligi ipime nia wajiulize itaipimaje. Kila timu itaapa kwamba mtu wake alikwenda kuamua, na ofisi ya ligi itakuwa na siku moja au mbili kuchagua nani wa kuaminiwa. Mwaka 1997 New York Knicks waliongoza mfululizo wa mchujo 3-1 dhidi ya Miami, P. J. Brown wa Miami akambwaga Charlie Ward wa Knicks, na Knicks watano wakafungiwa, wengi wao kwa kuacha benchi, Patrick Ewing akiwamo, kwa zamu katika mechi mbili ili timu isikose watu. Walipoteza mfululizo. Inauma, lakini kila mchezaji aliijua sheria kabla ya mpira kurushwa.

Ninapokubaliana na Phoenix ni kwenye adhabu ya mchokozi. Brown mechi mbili, Horry mechi mbili: hiyo ni bei ndogo kwa mtu aliyewasha moto katika mchujo. Angefungiwa mfululizo wote uliobaki, na adhabu yake ipande kwa kila mpinzani anayefungiwa kwa sababu yake, hakuna kocha ambaye angeona faida ya kumpoteza mchezaji wa akiba ili nyota wa upande wa pili akae nje. Mabadiliko hayo yanawezekana bila kumruhusu hata mtu mmoja kuinuka kwenye benchi.