Makaa ya mawe: kabla hujasema yafungwe au yaendelee, sema kwanza ni yapi

Mjadala wa makaa ya mawe huwa unagawanyika haraka sana, upande mmoja unataka migodi yote ifungwe maana yanachafua hewa na kuharibu tabianchi, upande wa pili unajibu kwamba bila hayo hakuna umeme wala viwanda. Mimi naona wote wanakosea mahali pamoja, wanayaongelea kama kitu kimoja wakati aina zake zinatofautiana mno na kazi zake zinatofautiana zaidi. (Na hapa siongelei mkaa wa kuni, naongelea haya yanayochimbwa ardhini.)

Chukua lignaiti, aina ya daraja la chini kabisa. Ukiishika ni ya kahawia, inamomonyoka, na kwenye vipande vingine bado unaziona kabisa nyuzi za mti ilikotokea. Ina maji mengi, nyingine hadi nusu ya uzito wake, kwa hiyo sehemu ya moto inaishia kukausha maji yake yenyewe, ndo maana hailipi kuisafirisha mbali na vituo vya umeme vinajengwa jirani na mgodi, kama kule Ujerumani. Juu yake kuna sabu-bituminasi halafu bituminasi, hii nyeusi ambayo watu wengi wakisikia makaa ya mawe ndo wanayoifikiria. Kileleni kuna antrasaiti, ngumu, inang'aa, haichafui vidole, kaboni yake inafika kati ya asilimia 86 na 97. Kuiwasha ni kazi, ila ikishashika inatoa mwali mfupi wa bluu na moshi kidogo mno.

Sasa umeme. Wanaoyatetea wana hoja, karibu theluthi moja ya umeme wa dunia bado unatoka huko, na makaa unayarundika nje ya kituo unayatumia jua lisipowaka na upepo usipovuma. Lakini hesabu ya kaboni haikwepeki, kilo moja ya kaboni ikiungua yote inachukua oksijeni ya hewani na kutoa takriban kilo 3.67 za kaboni dioksaidi, halafu ongeza salfa, masizi na zebaki. Gesi asilia kwa umeme uleule inatoa karibu nusu tu ya kaboni dioksaidi hiyo pale kituoni. Na kuacha kunawezekana: Uingereza, ambako kituo cha umma cha umeme wa makaa kilianza London mwaka 1882, mwaka 2012 bado ilikuwa inapata karibu asilimia 40 ya umeme wake huko, na tarehe 30 Septemba 2024 ikazima kituo cha mwisho. Ila tuwe wakweli, ilikuwa na gesi, ina upepo wa baharini na ina pesa, nchi isiyo na hivyo vyote huwezi kuidai mwendo uleule. Hata hivyo kama kuna pa kuanzia mimi nasema tuanze na lignaiti, maana unachafua sana kwa joto kidogo.

Kwenye chuma cha pua ndo mjadala unakuwa mgumu, na hapa wanaopinga huwa wanapita haraka mno. Kuna bituminasi maalum ambazo ukizipasha bila hewa kwenye nyuzi kama 1,000 za Selsiasi hazigeuki majivu, zinalainika, zinavimba, halafu zinashikana kuwa koke, kitu kigumu cha kijivu chenye matundu matundu. Ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma koke inafanya kazi tatu kwa mpigo: inatoa joto, inatoa gesi inayonyang'anya oksijeni kwenye mawe ya chuma, na inabeba uzito wote wa juu huku ikiacha njia ya hewa kupita. Mkaa wa kuni unazimudu mbili za kwanza, Brazil wanautumia kwenye matanuru madogo, lakini kwenye tanuru refu unapondeka. Mbadala upo, kuyeyusha vyuma chakavu kwa umeme, au kutumia haidrojeni kama Sweden wanavyojaribu, ila chakavu hakitoshi na haidrojeni safi bado ni ghali. Kwa hiyo anayeweka makaa ya koke na makaa ya umeme kwenye kapu moja anafunga mlango ambao dunia bado haijajenga mwingine wa kupitia.

Kuna na matumizi ambayo hatuyaoni. Majivu ya vituo vya umeme yanachanganywa kwenye saruji, kaboni ya kwenye vichujio vya maji mara nyingi inatokana na makaa haya, na lami yake imo kwenye baadhi ya shampuu za mba.

Linalonikera zaidi ni kuyachoma nyumbani. Moshi wa makaa ulichangia sana ukungu mchafu wa London wa Desemba 1952 ulioua maelfu ya watu, sheria ya hewa safi ikaja 1956. Watu wakishalijua hilo wanasema basi tuchome antrasaiti maana haina moshi. Hewa ya nje itapata nafuu kweli, nakubali. Ila kukosa moshi sio usalama, antrasaiti ikikosa hewa ya kutosha inatoa kaboni monoksaidi kama makaa mengine yoyote, gesi isiyo na rangi wala harufu, na afadhali moshi unaowasha macho maana utakukimbiza nje. Chumba kisicho na bomba la kutoa hewa chafu nje, hata makaa yaliyo bora kuliko yote siyakubali humo.