Mzigo wa Shujaa: Uzito Uhesabiwe Wapi?

Wacheza gemu wanabishana: mzigo wa shujaa uwe na uzito na ukomo kama maishani, au abebe apendavyo bila usumbufu? Kwenye Minecraft mchezaji ana nafasi 36 za kuweka vitu, na kila nafasi inameza matofali 64 ya aina moja. Tofali moja lina mita moja kila upande. Jaza nafasi zote dhahabu, piga hesabu kwa uzito halisi wa dhahabu, utapata zaidi ya tani 44,000 mwilini mwa mtu mmoja ambaye bado anaruka na kuogelea. Skyrim ni kinyume chake. Unaanza na uwezo wa kubeba uzito wa 300. Zidisha hata kipande cha jibini, na shujaa aliyetoka kuua joka anaanza kukokota miguu, hawezi kukimbia wala kuhamia mji mwingine kwa kubonyeza ramani. Gemu hizi mbili zilitoka rasmi Novemba 2011, zikipishana wiki moja, na zote zimependwa dunia nzima. Kwa hiyo anayesema wachezaji wanataka uhalisia ana ushahidi, na anayesema wanataka wepesi naye anao.

Sisi wa Bagamoyo tungetegemewa kuwa upande wa uhalisia, maana mji huu ulikuzwa na mizigo. Karne ya 19 misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilifungashwa mizigo hapa. Mbung'o waliua punda na ng'ombe njiani, hivyo karibu kila kitu kilipanda bega au kichwa cha mpagazi, kilo 30 na ushee kwa mtu. Maumivu ya kichwa ya mwenye msafara yalianzia huku pwani. Nguo kiasi gani, masango (nyaya za shaba) kiasi gani, na hasa shanga za aina gani, kwa sababu shanga zilizogombewa nchi moja zilikataliwa nchi ya pili, na ukishafika bara huna pa kuzibadilisha. Ukiongeza shanga umepunguza nguo. Ukitaka vyote, unaongeza wapagazi, na kila mpagazi wa ziada anataka posho yake ya chakula kila siku. Mateso ya njia ile si ya kufanyia mzaha, lakini hesabu yake, akiishika mtunzi mzuri, tayari ni gemu.

Resident Evil 4 ya 2005 iliishika. Leon, shujaa wake, anabeba kasha lililogawanywa miraba. Yai la kuku linakula mraba mmoja, bunduki inakula eneo kubwa. Unaigeuza bunduki isimame wima, unasogeza majani ya dawa pembeni, kinapatikana kijinafasi cha boksi moja la risasi, na unajiona fundi. Lakini hebu litazame vizuri kasha lenyewe. Funguo na vito havikai humo, vina pahala pake pasipohesabiwa. Na ukilifungua, maadui wote wanaganda wakikungoja umalize kupanga. Uhalisia hapo ni wa juujuu tu. Kinachompendeza mchezaji ni kulazimika kuchagua.

Death Stranding ya 2019 ilikwenda mbali zaidi, ikaufanya mzigo kuwa gemu yenyewe. Sam, shujaa wake, anarundika maboksi mgongoni. Yakipanda sana anayumba, nawe unabana vitufe viwili vya pedi asipinduke. Akianguka, mzigo unaharibika. Wapo walioibeza kuwa ni kazi ya kusambaza vifurushi. Ni kweli ndivyo ilivyo, ila mlima unaouona mbele unakufanya ufikirie ngazi na kamba kabla hujatoka, na hilo gemu chache zinaliweza.

Upande wa wepesi nao hautetei uvivu. Gemu nyingi mtaani hapa zinachezwa kwenye vibanda, kwa kulipia muda. Dakika tano za kupanga begi ni hela yako inayoteketea huku wenzako nyuma wanakupigia kelele. Ndiyo maana kibandani utakuta soka, ngumi, na GTA: San Andreas, ambamo shujaa CJ anachomoa bazuka kutoka kusikojulikana na hakuna anayehoji. Nadhani wengi wanaosifia uzito na miraba ni wenye konsoli sebuleni.

Hoja nzito zaidi ya upande wa wepesi, kwangu, inatoka ndani ya Resident Evil yenyewe. Katika ile ya kwanza, ya 1996, Chris ana nafasi sita tu na Jill nane, lakini kuna masanduku ya kuhifadhia, na kitu ulichokitia kwenye sanduku la chumba hiki unakikuta kwenye sanduku la chumba kingine. Ni uchawi mtupu. Mwaka 2002 ikaja Resident Evil 0, ikayaondoa masanduku hayo: vitu unaviacha sakafuni na vinabaki palepale. Hiyo ndiyo hali halisi, hakuna ubishi. Matokeo yake? Wachezaji wakashinda wakirudi nyuma kufuata kifaa walichokiacha mwanzoni mwa gemu, bila kujua wakati ule kama kingehitajika tena.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Ukomo wa mzigo una faida unapokufanya uamue kabla ya safari, ukiwa na habari za kutosha za kuamulia. Ukianza kukutuma urudie njia uliyokwishapita, umekuwa adhabu. Kwa kipimo hicho Skyrim inafeli mara nyingi: ukishaua kila kiumbe pangoni, kilichobaki ni kuchuja panga na mifupa ya joka huku ukihesabu nini kina bei dukani. PUBG Mobile, gemu ya kupigana kwa bunduki ambayo watu wanaicheza kwenye simu, inafaulu kwa njia nyingine. Begi lina ngazi tatu, risasi zinakula nafasi, na anayechungulia begi lake anaweza kupigwa akiwa bado anachungulia. Hata hivyo simu inakuokotea vitu vingi yenyewe. Uzito umebaki, usumbufu umepunguzwa, na sijasikia mtu akilalamika kwamba kuokotewa si uhalisia.

Skyrim ilikuja kuongezewa hali ya kujinusuru kwa anayependa ugumu: kusafiri kwa ramani kunafungwa, na mishale, ambayo zamani haikuwa na uzito kabisa, inaanza kuhesabiwa. Wengi wanaona hapo ugomvi umekwisha, kila mtu achague anachotaka. Mimi naona nusu tu ya kazi imefanyika. Mapango, bei za maduka na wingi wa vitu vya kuokota vilipangwa kwa ajili ya mchezaji aliyeweza kuruka ramani. Ukimfunga miguu bila kuvipanga upya hivyo vingine, umemwongezea mwendo tu.