Vyeti, ukomo na posho: tuanze na lipi?

Asubuhi moja nilikwenda kwa diwani mmoja hapa Ngamiani, mjini Tanga, kutafuta saini kwenye fomu ya mwanangu. Barazani nilikuta watu wanne wamenitangulia. Mzee wa kwanza alimnyooshea karatasi ya vipimo vya hospitali akisema, “Mheshimiwa mwanangu, huyu mjukuu wako ananishinda.” Mama aliyemfuata alikuja na kadi ya mchango wa harusi, na vijana wawili walitaka jezi. Diwani aliandika kila shida kwenye daftari la mistari, akampa mzee noti mbili za elfu kumi, na waliobaki akawaambia warudi Ijumaa. Mtaro ulioziba mbele ya nyumba yake, ambao ndio hasa kazi tuliyompigia kura, haukutajwa na yeyote, mimi nikiwamo.

Nimekileta kisa hicho kwa sababu mjadala wa kuwarekebisha wanasiasa, unaorudi kila uchaguzi unapokaribia na kila inapotajwa katiba mpya, huwa na madai matatu: wawe wasomi zaidi, walipwe kidogo zaidi, na wasikae madarakani milele. Yote matatu yana haki yake, lakini hayana uzito sawa, na nadhani tumezoea kuanza na lile jepesi.

Jepesi ni la vyeti. Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Wanaotaka shahada wana hoja, kwani vitabu vya bajeti na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali si maandishi ya kusomwa kwa kubahatisha, na mbunge asiyeyaelewa hupiga kura kwa kumtazama jirani yake. Hata hivyo, mkoa huu huu wa Tanga ulimpeleka bungeni kutoka Korogwe Vijijini marehemu Stephen Ngonyani, Profesa Maji Marefu, ambaye nchi ilimfahamu kwa uganga wa jadi kabla ya siasa, na wapiga kura waliomchagua mwaka 2010 wakamrudisha mwaka 2015. Unaweza kuwalaumu, ila huwezi kusema hawakumjua waliyemchagua. Kenya iliweka sharti la shahada katika sheria yake ya uchaguzi ya mwaka 2011, ikaliahirisha, na hatimaye Mahakama Kuu ikalitengua. Tena sharti gumu kuliko cheti chochote tunalo tayari: bila chama, hugombei.

Ukomo ni hoja nzito zaidi. Rais ana vipindi viwili tu, mbunge hana kikomo. Rasimu ya katiba mpya iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba Desemba 2013 ilipendekeza vipindi vitatu vya miaka mitano kwa mbunge, pamoja na haki ya wapiga kura kumwondoa kabla ya muda wake kwisha. Mwaka uliofuata Bunge Maalumu la Katiba liliyafuta yote mawili. Sikushangaa, kwa kuwa ukiwatoa wajumbe 201 walioteuliwa na Rais, waliobaki walikuwa wabunge na wawakilishi wa Zanzibar wenyewe, na hiyo ni sawa na kumkabidhi mpangaji kalamu ajiandikie tarehe ya kuhama. Lakini tazama Tanga Mjini: mwaka 2010 ilimchagua Omari Nundu wa CCM, mwaka 2015 Mussa Mbarouk wa CUF, mwaka 2020 ikaenda kwa Ummy Mwalimu wa CCM. Wabunge watatu katika chaguzi tatu, bila ukomo wowote kuandikwa. Ningeuunga mkono ukomo kwa ajili ya majimbo ambako kura za maoni zimegeuka urithi wa mtu mmoja, ila sitarajii umfanye mbunge mpya awe tofauti na aliyeondoka, iwapo kiti ni kilekile na kinalipa vilevile.

Ndiyo maana ningeanza na malipo. Ibara ya 73 inasema wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, yaani kwa sheria wanayoipitisha wao. Mwaka 2011 nchi ilivutana juu ya kupandisha posho ya kikao kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na mwaka 2014 wajumbe wa Bunge Maalumu walipangiwa 300,000 kwa siku, wakatokea waliolalamika kuwa hazitoshi. Ongeza kiinua mgongo mwishoni mwa miaka mitano, nawe utaelewa kwa nini kura za maoni hupiganiwa kama mirathi. Mahakama Kuu iliifuta takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura uliokuwa umeruhusiwa na sheria ya uchaguzi, mwaka 2006, ila iliyofutwa ni sheria, mkono haukukoma kutoa.

Wanaopinga kupunguza malipo wanasema ukimlipa mbunge kidogo utabakiwa na matajiri pekee, au na maskini anayenunulika. Nakubaliana nao kwa sehemu, kwa kuwa foleni niliyoiona barazani haitapungua mshahara ukipungua. Kenya inatoa funzo la katikati. Katiba yake ya mwaka 2010 iliunda tume huru ya mishahara, na mwaka 2013 tume hiyo ikashusha mshahara wa mbunge kutoka shilingi za huko 851,000 hadi 532,500. Wabunge walipodai zaidi, waandamanaji waliwafungulia nguruwe mbele ya Bunge. Mwishowe wabunge waliukubali mshahara huo baada ya kuongezewa ruzuku ya gari, kwa hiyo ushindi haukuwa kamili, lakini angalau kalamu haikuwa mkononi mwao peke yao.

Chombo cha namna hiyo hapa kwetu kingeweza kuzikunja posho zote ziwe mshahara mmoja unaokatwa kodi na kutangazwa hadharani, kisha kikatazame upande wa pili wa ngazi, kwa diwani anayeishi jirani na wapiga kura wake na kufunguliwa mlango alfajiri, ilhali posho yake haifiki popote karibu na ya Dodoma. Yule wa Ngamiani alinisainia fomu kwa dakika moja, akacheka, akasema mimi ndiye mgeni pekee wa asubuhi ile ambaye hakumgharimu kitu.