Asiyejua Kuzungumza Aende Wapi?

Wiki iliyopita, barazani kwetu Wete, baada ya sala ya laasiri, mzee mmoja alimchukulia mpwa wangu kitabu alichokuwa amekipakata, akakifungua mbele ya watu na kulisoma jina lake kwa sauti ya kejeli. Kilikuwa ni kile cha Mmarekani Dale Carnegie kinachofunza namna ya kupata marafiki, na kijana alikuwa amekivisha jalada la karatasi ya kalenda ili kisitambulike. Baraza zima lilicheka. "Mtoto wa Kipemba anafunzwa maneno na Mzungu," alisema mzee, "kwani kwao hakuna watu?" Mpwa wangu alikipokea kitabu chake, akaaga kwa adabu, akaenda zake akiacha kikombe cha kahawa hakijafika nusu. Mimi pale nilinyamaza, na jambo hilo limenikereketa tangu siku ile.

Swali la mzee linastahili jibu. Kwao watu wapo, tena wengi, lakini kuwa na watu si sawa na kufunzwa namna ya kuishi nao. Sisi tunaamini kwamba mtoto aliyekulia penye hodi na karibu, penye shikamoo kila kichochoro na kahawa kila jioni, atayajua hayo mwenyewe kama alivyojua kutembea. Wengi huyajua kweli. Asiyeyajua hatumfunzi, bali tunampachika jina: akinyamaza barazani, ana kiburi; akipita njia ya nyuma ili aziepuke salamu ndefu, amejitenga; akikosea neno msibani, hakulelewa. Hakuna anayemwita kando akamwambia kwamba ukifika penye msiba mpe mfiwa mkono, sema machache, kisha kaa, kwani kukaa kwako ndiyo rambirambi yenyewe. Wala hakuna anayemweleza namna ya kuingia katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza bila ya kuyakata. Naye hawezi kuuliza, kwa sababu mtu mzima anayeuliza namna ya kuzungumza na wenzake huwa amekwisha kujianika mbele ya wale wale anaowaogopa. Kitabu hakimcheki. Akisoma ukurasa mmoja mara kumi usiku, chumbani kwake, hakuna atakayemhesabia. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya vitabu vya namna hii, vya kumfunza mtu kuishi na watu, kudumu, na wanaovidharau mara nyingi ni wale ambao ulimi haujapata kuwakwama.

Hata chimbuko la kitabu kile linashuhudia hivyo. Carnegie, mtoto wa mkulima kutoka Missouri, alianza mwaka 1912 kusomesha darasa la usiku mjini New York, na waliomjia walikuwa watu wazima wenye kazi zao, wengi wao wakiogopa kusimama na kusema mbele ya wenzao. Kitabu kilitoka mwaka 1936, Marekani ikiwa bado katika dhiki kubwa ya uchumi, na tangu hapo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 30. Sikubali kwamba watu wote hao hawakulelewa.

Na huo Uzungu wa jambo lenyewe uko wapi? Mwanakupona binti Mshamu, mshairi wetu wa Kiswahili, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya mwandishi wa Kizungu Samuel Smiles kutoa London kile kitabu chake maarufu cha kujiendeleza. Mara tu baada ya dini, mama yule alimuusia mwanawe adabu na ulimi mwema, ili awe mtu wa kupendwa kila atakapoingia. Hakusema kwamba binti amezaliwa Mswahili na kwa hiyo atajua. Alikaa, akaandika, beti kwa beti, kwa kuwa alielewa kuwa mambo haya hufunzwa, na kwamba mwenye kuyafunza anaweza kuondoka duniani kabla ya mwanafunzi kuyahitaji.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba vitabu vingi vya aina hii vimejaa maneno kuliko maarifa, na kwamba vipo vinavyomfunza mtu kumtazama rafiki kama ngazi ya kupandia. Hilo ni baya na sitalitetea. Tabasamu kwa kila apitaye, linalohimizwa na kitabu kile, nalo si desturi yetu. Kwetu salamu ndiyo hutangulia. Lakini kukumbuka jina la mtu, kumsikiliza mpaka amalize, na kumuuliza habari za yale anayoyapenda, yote yamo katika kitabu kile, na yote ni adabu ambayo baraza letu linadai kuwa ni yake.

Juzi nilimwendea mpwa wangu kumtaka radhi kwa kunyamaza kwangu. Hakutaka kulizungumza sana, ila aliniruhusu kukitazama kitabu. Pembezoni mwa sura ya kusikiliza ameandika kwa penseli, herufi ndogo zilizopangwa vizuri, majina ya watu wa barazani, na mbele ya kila jina jambo la kumuuliza. Mbele ya jina la muuza kahawa pana neno "mjukuu". Mbele ya jina la mzee yule yule ameandika: "Mikarafuu ya babake, aliipanda mwenyewe au aliirithi?" Bado hajapata kumuuliza.